Punda Akifa, Mzigo Haufiki

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walikuwa na usemi huu: "Afe punda, mzigo wa bwana ufike." Hata leo twausikia, na mara nyingi husemwa kwa majivuno, kana kwamba ni sifa ya mtu hodari asiyejali taabu. Lakini ukiufikiri vizuri utaona una kasoro moja kubwa. Punda akifa njiani, mzigo nao hulala njiani pale pale. Bwana amepata hasara mbili kwa siku moja: hana punda, wala hana mzigo sokoni.

Katika makala haya nataka kueleza habari ya utunzaji wa wafanyakazi mahali pa kazi. Nimechagua jambo hili kwa sababu sisi wa Kidato cha Nne tumekaribia kuondoka shuleni. Baadhi yetu tutaendelea na masomo, lakini wengine watakuwa makazini muda si mrefu: dukani, kiwandani, shambani, hotelini au lindoni. Wako pia ambao siku moja watakuwa waajiri wao wenyewe. Basi yafaa tujue mapema mtu hutunzwaje kazini, na kwa nini kumtunza si hisani bali ni sehemu ya kazi yenyewe.

Utumishi ni kazi gani?

Kila mahali penye watu wengi wanaofanya kazi, hapana budi awepo mtu wa kushughulikia mambo ya watu hao. Zamani aliitwa afisa utumishi, na siku hizi ofisi nyingi humwita afisa rasilimali watu. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuajiri na kufukuza tu. Sivyo. Yeye hutafuta watu wanaofaa, huandika mikataba yao, hupanga zamu na likizo, huangalia mishahara isichelewe, husikiliza malalamiko, na huhakikisha kwamba mtu aliyeingia kazini mzima anarudi nyumbani mzima. Katika duka dogo lenye watu watatu hakuna afisa wa namna hiyo, lakini kazi yenyewe ipo vile vile. Mwenye duka ndiye afisa utumishi, apende asipende.

Ukitaka kuona mambo yanavyokuwa pale ambapo kazi hiyo haifanywi vizuri, kumbuka somo letu la historia juu ya mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni. Watu waliotolewa mikoa ya mbali kwa mkataba kwenda mashamba ya Tanga na kwingineko waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi, na mtu alipata mshahara wake alipokwisha kutimiza siku 30 za kazi. Kadi hiyo ilijua siku alizofanya kazi. Haikujua kama ana homa, kama amekula, wala kama amefiwa. Jina hilo la manamba latuonyesha hatari ya kwanza katika kusimamia watu: ni rahisi sana kuhesabu kazi na kumsahau anayeifanya.

Habari ya saa za kazi

Jambo moja kubwa ambalo wafanyakazi wa nchi nyingi walilipigania ni saa. Kila tarehe 1 Mei twaona wafanyakazi wakiandamana, na watoto hupenda kutazama magari yaliyopambwa, lakini si wengi wanaojua asili yake. Tarehe 1 Mei 1886 ulianza mgomo mkubwa huko Marekani, hasa katika mji wa Chicago, wafanyakazi wakidai kwamba siku ya kazi iwe ya saa 8. Siku hizo wengi walifanya kazi saa 10 na zaidi. Mwaka 1889 mkutano wa wasoshalisti wa nchi mbalimbali uliofanyika Paris uliamua kwamba maandamano ya kudai jambo hilo yafanywe mahali pengi tarehe 1 Mei 1890. Ndiyo Mei Mosi yetu.

Waajiri wengi walijibu kwamba saa zikipunguzwa, kazi itapungua na biashara zitakufa. Jibu hilo laonekana kuwa la akili, kwani saa 9 ni nyingi kuliko saa 8. Lakini alikuwapo mtu mmoja aliyeamua kupima badala ya kubishana. Jina lake Ernst Abbe, mtaalamu wa elimu ya nuru, aliyeongoza kiwanda cha Carl Zeiss katika mji wa Jena, Ujerumani, kilichotengeneza hadubini. Mwaka 1900 alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi saa 8, kisha akalinganisha kazi ya watu wale wale kabla na baada ya mabadiliko. Aliona kwamba kazi ya kila saa imeongezeka kwa asilimia 16 hivi.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme hapo zamani mtu alitengeneza vipande 100 kwa saa. Kwa saa 9 alipata vipande 900. Sasa atengeneza 116 kwa saa, na kwa saa 8 apata 928. Saa imepungua moja, na kazi imezidi vipande 28. Huo si mwujiza. Katika saa ya mwisho ya mtu aliyechoka, mkono huwa mzito na jicho hukosea, na kilichoharibika leo hutengenezwa upya kesho. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu jambo hili: saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma katika viwanda.

Uchovu ni nini mwilini?

Watu wengine husema uchovu ni uvivu uliovaa kanzu. Elimu ya siku hizi haikubali. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu yake, na akifikisha saa 24 hutenda kama mwenye asilimia 0.10. Mtu huyo hakunywa kitu. Ni usingizi tu uliomponyoka. Basi mwajiri anayempa usukani dereva ambaye hakulala, hana tofauti kubwa na yule anayempa usukani mlevi.

Madhara mengine huja polepole. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa yao juu ya watu wanaofanya kazi saa 55 na zaidi kwa juma. Ukiwalinganisha na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40, hatari yao ya kupatwa na kiharusi imezidi kwa asilimia 35 hivi, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17 hivi. Mashirika hayo yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya saa nyingi za kazi. Idadi hiyo yatisha, na karibu wote hawakufia kazini, bali nyumbani na hospitalini, ambako hakuna aliyeuliza walikuwa wakifanya kazi saa ngapi.

Mshahara na heshima

Saa peke yake hazitoshi. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford, huko Highland Park, Marekani, kilikuwa na taabu ya ajabu. Kazi ya kusimama mahali pamoja na kufunga kitu kile kile kutwa iliwachosha watu, nao wakaacha kazi kwa wingi. Ili kiwanda kiwe na watu kama 14,000, kilibidi kuajiri zaidi ya watu 50,000 katika mwaka huo mmoja. Kila aliyeondoka aliondoka na mazoea yake, na kila aliyeingia alianza kufundishwa upya. Januari 1914 Ford alitangaza kwamba siku ya kazi itakuwa ya saa 8 badala ya 9, na malipo yatafika dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya yale ya kwanza. Watu wakatulia kazini.

Lakini tusisifu bila kupima. Ili apate dola zile 5, mfanyakazi alikaguliwa nyumbani kwake. Wakaguzi wa Ford waliuliza juu ya ndoa, ulevi, akiba na usafi wa nyumba. Hapo pana funzo la pili. Kumtunza mtu si kumtawala. Mwajiri amenunua saa za kazi za mtu. Hakumnunua mtu mwenyewe, wala nyumba yake, wala mkewe.

Punda hasemi, lakini mtu husema

Tofauti kubwa kati ya punda na mfanyakazi ni kwamba mfanyakazi aweza kusema, "Mzigo huu umezidi," au, "Njia hii ina shimo." Msimamizi mwenye busara husikiliza, kwa kuwa anayeshika chombo ndiye anayekijua.

Tazama yaliyotokea Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka. Benki na maduka yaliyokuwa humo yakafungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, ijapokuwa wengi waliogopa. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaanguka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Watu hao waliziona nyufa kwa macho yao. Hawakukosa maarifa, walikosa mtu wa kuwasikiliza, na waliogopa kupoteza mshahara. Kamba hukatikia pembamba.

Sheria yetu yasemaje?

Kwetu Tanzania Bara iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Baadhi ya masharti yake ni haya, na nawaomba wenzangu wayakariri kama tunavyokariri kanuni za hesabu.

Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma, wala siku 6 kwa juma. Saa za ziada hufanywa kwa mapatano, nazo hazizidi 50 katika majuma 4. Kila moja hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kwa siku moja mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine apate mapumziko ya saa 12, na kila juma saa 24. Kazi ya usiku, yaani toka saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezwa asilimia 5 ya mshahara. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mgonjwa aweza kupata siku 126 katika miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa.

Tena sheria hiyo yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi, na abandike mahali pa wazi karatasi yenye haki za wafanyakazi. Jiulize, msomaji, kama umepata kuiona karatasi hiyo mahali popote.

Nami naona sheria hizi zikihitajiwa karibu. Mjomba wangu ni mlinzi wa usiku mahali fulani mjini. Huingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku 6 kila juma. Tukimtolea saa 1 ya kula, zabaki saa 11 kila usiku, nazo kwa juma ni 66. Zimezidi saa 45 kwa 21. Kwa majuma 4 ziada ni saa 84, na sheria yasema mwisho ni 50. Saa hizo 84 halipwi hata moja. Mwezi mmoja alikatwa mshahara kwa sababu alikutwa amesinzia. Nilipomwambia habari ya sheria alicheka kidogo akasema, "Mwanangu, nje ya geti wapo kumi wanaoitaka nafasi yangu."

Neno hilo ni la kweli, na sheria iliyoandikwa vizuri peke yake haiwezi kulijibu. Ndiyo maana nimependa kutazama pia upande wa mwenye mali. Yeye husema, "Nikifuata sheria nitafilisika." Basi tumfanyie hesabu ya mfano, tukiacha nyongeza ya usiku ili hesabu iwe rahisi. Tuseme mshahara wa saa 45 ni shilingi 45,000, yaani shilingi 1,000 kwa saa. Mlinzi mmoja wa saa 66 angelipwa hizo 45,000, pamoja na saa 21 kwa shilingi 1,500, yaani 31,500. Jumla ni shilingi 76,500 kwa usiku 6. Kila usiku mmoja wagharimu shilingi 12,750, na bado saa za ziada zimevuka mpaka wa sheria.

Sasa tuwaweke walinzi wawili wa kupokezana. Sheria yaruhusu mapatano ya maandishi ya zamu za saa 12, pamoja na nafasi ya kula, mradi siku zisizidi 5 kwa juma wala saa za kawaida zisizidi 45. Juma hili mmoja hulinda usiku 4 na mwenzake usiku 3, na juma lijalo hubadilishana. Usiku 4 wa saa 11 ni saa 44. Wote wawili wakilipwa mshahara kamili, jumla ni shilingi 90,000 kwa usiku 7, yaani kama shilingi 12,857 kila usiku. Tofauti haifiki shilingi 110 kwa usiku! Kwa fedha hiyo mwenye mali apata walinzi wawili waliolala mchana, wenye macho, na usiku wa saba umelindwa. Kwa hiyo anayesema sheria ni ghali, mara nyingi analinganisha sheria na kazi ya bure. Hailinganishi na kazi iliyolipwa kwa haki.

Wajibu wa mfanyakazi, na ushauri kwa wenzangu

Haki haiji peke yake. Huja pamoja na wajibu. Saa 9 za sheria ni saa 9 za kazi kweli. Si saa 9 za kupiga soga na kuchezea simu. Anayetumia siku za ugonjwa kwenda harusini huwaharibia walio wagonjwa kweli, maana mwajiri hawaamini tena. Na aliyepewa kofia ngumu au glavu akaziacha ukutani, amejidhulumu mwenyewe.

Kwa wenzangu tutakaotafuta kazi, nashauri kwamba kabla ya kukubali tuulize maswali matano kwa adabu. Saa za kazi ni ngapi? Mshahara ni kiasi gani, na hulipwa lini? Saa za ziada hulipwaje? Nikiumia au nikiugua itakuwaje? Masharti haya nitapewa lini kwa maandishi? Mwajiri mwema hatachukizwa na maswali hayo. Na baada ya kuanza kazi, andika katika daftari lako saa ya kuingia na saa ya kutoka kila siku, kwa maana mgogoro huamuliwa kwa ushahidi, si kwa hasira.

Ikitokea dhuluma, anza kwa kusema na msimamizi, kisha chama cha wafanyakazi kama kipo. Mambo yakishindikana, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jambo la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa huko ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi hukosa haki kwa kuchelewa tu. Mambo ya hatari mahali pa kazi hushughulikiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na aliyeumia kazini anao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Na kwa wale kati yetu watakaokuwa waajiri, hata wa mtu mmoja, naomba wakumbuke methali nyingine ya wahenga hao hao: "Mchumia juani hulia kivulini." Jua latajwa humo, na kivuli pia chatajwa. Mtu akichuma juani mwaka mzima wala asipewe kivuli, atakoma kuchuma, na ghala itakayobaki tupu si yake peke yake.